Msasa, Sandarusi na Noleo: Historia ya Istilahi za Ukamilishaji wa Mpini wa Kisu katika Pwani ya Afrika Mashariki

Mpini wa kisu ni kitu kidogo kuwekwa mbele ya wataalamu wa istilahi. Hata hivyo, kazi ya kuulainisha na kuung'arisha imebeba maneno ambayo hatima zake zimetofautiana sana. Moja lilipokea bidhaa mpya ya kiwandani bila kubadilika umbo. Jingine lilibaki jina la malighafi tu, ilhali bidhaa iliyotokana na malighafi hiyo ikapewa jina la kigeni. Mengine yamebaki midomoni mwa mafundi na katika kamusi kongwe. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo haikutokana na utajiri wala ufinyu wa lugha, bali na mahali kazi ilipofanyika.

Ni vema kuanza na kazi yenyewe. Mpini huchongwa na kutobolewa, kisha msuka, yaani ncha ya chuma inayoingia ndani ya mti, hushindiliwa tunduni. Noleo, pete ya chuma au shaba inayobana mdomo wa mpini pale bapa linapoanzia, huzuia mti usipasuke. Ukamilishaji hufuata hapo, na si kabla, ili mti na pete visuguliwe pamoja na kiganja kisihisi ukingo baina yake. Tupa huondoa alama za kuchongea. Baada ya tupa, mafundi wa zamani walitumia majani ya msasa, mti ambao wanabotania huuita Ficus exasperata, ingawa jina hilo limepewa pia miti mingine yenye majani ya kukwaruza. Jani hufuata mviringo wa mpini kwa wepesi. Husuguliwa kwa kufuata nyuzi za mti, kwa maana mkwaruzo uliokatiza nyuzi hujitokeza mara mafuta yanapopakwa. Mpingo, ambao kwa uzito wake huzama majini, hung'aa kwa kusuguliwa tu. Miti myepesi huhitaji mafuta, na mafuta ya nazi, yaliyo karibu zaidi pwani, hayakauki yakawa utando mgumu kama yafanyavyo ya kitani. Hivyo mpini hupakwa tena na tena.

Karatasi yenye chembe za kukwaruza ilikuwa ikitengenezwa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1830. Isaac Fisher wa Vermont alipata hataza zake mwaka 1834. Ilipofika pwani haikuhitaji jina la kuazima. Fundi aliyezoea jani aliona karatasi ikifanya kazi ileile, nayo ikaitwa msasa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inaukumbuka mti na majani yake. Kitenzi kilisafiri mbali zaidi: leo walimu, makarani na waheshimiwa madiwani "hupigwa msasa" katika semina, bila yeyote kati yao kulifikiria jani. Kwa mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda jambo hili lina manufaa ya moja kwa moja, kwani mwanafunzi anayeijua luwawu ya Kiganda anaujua msasa tayari.

Sandarusi ilikuwa na historia nyingine. Utomvu huo wa kale ulichimbwa ardhini katika ukanda wa Mrima, ukauzwa Unguja, na katika karne ya 19 ukawa miongoni mwa bidhaa zilizowaleta wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Huko Salem, Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuusafisha, kisha ukayeyushwa na watengenezaji wa rangi ya kung'arishia magari ya farasi na samani. Wanunuzi walichukua hata msamiati: chakazi, yaani sandarusi changa isiyokomaa, iligeuzwa katika Kiingereza cha biashara kuwa "jackass", neno la kumwitia punda dume. Richard Burton aliliandika jambo hilo kabla ya wanaisimu kulikuta. Lakini kilichorudi kikiwa ndani ya kopo kiliitwa vanishi. Mchimbaji wa Mrima hakukiona kiwanda, na fundi wa mipini hakuona sababu ya kuhusisha kopo hilo na mawe ya manjano yaliyopakiwa majahazini. Aliyeumaliza utomvu ndiye aliyeupa jina.

Kujaribu sasa kuibadili vanishi kuwa sandarusi kungekuwa kazi bure. Vanishi nyingi za leo hazina hata chembe ya sandarusi. Hali ya noleo na msuka ni tofauti. Edward Steere aliliorodhesha noleo katika karne ya 19 kwa maana hiyohiyo ya pete ya mpini, na kitu chenyewe bado kipo sokoni. Mkufunzi wa ufundi stadi asiyekuwa na maneno haya hulazimika kusema "ile pete ya mbele" au "ule mkia wa ndani", na kila chuo kinakuwa na "ile" yake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iko hatua chache tu kutoka kwa wahunzi na maseremala. Orodha ya istilahi za ufundi ingeanzia kwao, fundi akihojiwa huku kisu kikiwa mkononi, kabla ya jedwali la tafsiri kutayarishwa mezani.