Bandari Iliyochorwa kwa Mkaa

Walichora kwa mkaa na ngeu. Katika karne ya 17, Wareno waliolinda Ngome ya Yesu, Mombasa, waliujaza ukuta wa buruji ya San Mateus yale waliyozoea kuyaona: merikebu zenye milingoti, watu, samaki, kanisa, ngome. Mikono haikuwa ya mafundi, lakini mistari ina uhai. Ni bandari ya mtu wa zamu, mwenye saa nyingi za kungojea chombo kutoka Goa.

Waomani walipoizingira ngome Machi 1696, kungojea huko kukawa suala la kufa na kupona. Merikebu Santo António de Tanná ilitumwa kutoka Goa kuwaokoa waliozingirwa, ikazama 1697 chini ya kuta zile zile. Ngome ikaanguka Desemba 1698. Wapiga mbizi waliochunguza mabaki ya merikebu hiyo kati ya 1977 na 1980 waliibua vyombo na vifaa vya mabaharia.

Ng'ambo ya maji iko Kisauni, na huko merikebu zina historia nyingine.

Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga kwenye pwani hiyo ya bara. Mwaka 1875 shirika lake la kimisionari, CMS, likaanzisha huko Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Wengi walishushwa hapo na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa baharini. Walikuja pia Waafrika waliolelewa Bombay, wakawa walimu na mafundi. Mnara wa kengele yao ungali umesimama Kengeleni, pembeni mwa barabara yenye matatu na maduka.

Kwa watu hao, jahazi lilikuwa mahali pa kiza, pa kufungiwa bila kujua linaelekea wapi. Hawakuwa na ukuta wa kulichora. Walibaki na kanisa, kengele, majina na wajukuu.

Daraja la kuelea la Nyali lilizinduliwa 1931, na la sasa likafunguliwa 1980, hivyo safari kati ya pande hizo mbili ni ya dakika chache. Wanafunzi wanaopelekwa Ngomeni wanastahili kuvushwa siku hiyo hiyo hadi Kengeleni, wasimuliwe bandari na upande wa waliosafirishwa kama shehena.