Hifadhi Ipi?

Ukiwa Gorong'a, Tarime, ukitaja hifadhi, hakuna anayeuliza ipi. Ni Serengeti, hifadhi ya taifa tangu 1951, wanakotoka tembo wanaovamia mashamba ya huko.

Tuseme kuna programu ya simu ya kuripoti tembo hao. Mkulima anafungua fomu: kisanduku cha juu kimeandikwa "Hifadhi", yaani Serengeti. Kitufe cha chini nacho "Hifadhi", yaani taarifa yako isipotee. Akiingia kwenye mipangilio aone simu imejaa kiasi gani, anakuta "Hifadhi" ya tatu. Kiingereza kina "Park", "Save" na "Storage". Ukikagua mstari mmoja mmoja, tafsiri ni sahihi. Soma skrini nzima ndipo utaona balaa. Dawa ni kuongeza neno: "Hifadhi ya Taifa", "Hifadhi taarifa", "Nafasi ya simu". Kitufe kikirefuka, na kirefuke.

Tumebishana miaka na miaka kuhusu kompyuta na tarakilishi, kipanya na puku. Istilahi hizo si haba. Hata Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Vinavyotutesa ni vijineno ambavyo hakuna kamati inayovikalia kikao.

Chukua "All". Kwa Mwingereza ni moja tu, iwe juu ya orodha ya watu, picha au vifaa. Sisi tunauliza kwanza: wote, zote, au vyote? Gettext, zana inayotumika katika programu huria nyingi, hukusanya maneno yanayofanana na kumpa mfasiri mstari mmoja. Akiandika "Zote", picha zimepona, lakini orodha ya watu inasomeka kama ya mbuzi wa mnadani, na hata mbuzi sarufi inawapa "wote". "Open" ni hivyo hivyo: chini ya jina la duka, "Fungua" inamwamuru mteja afungue duka la mwenyewe.

Toleo la 0.15 la gettext, mwaka 2006, lilileta msgctxt, mstari unaotaja neno limetumika wapi, ili "All" ya watu na "All" ya picha zitenganishwe. Lakini mstari huo huandikwa na mtengeneza programu, na asiyejua ngeli haoni haja yake. Basi mfasiri asikisie. Amwandikie amuulize: "All" ya nini? Atakayetafsiri kwa Kikuria, lugha ya huko Tarime, atauliza vilevile, maana nacho kina ngeli zake.