The Adakian: Gazeti la Askari Kisiwani Adak

The Adakian lilikuwa gazeti la kila siku la askari wa Marekani waliowekwa Adak, mojawapo ya Visiwa vya Aleutian vya Alaska, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lilianza Januari 1944 kwa agizo la Brigedia Jenerali Harry Thompson. Aliyekabidhiwa kulianzisha na kulihariri alikuwa koplo wa miaka 49, Dashiell Hammett, mwandishi wa riwaya za upelelezi ambaye tayari alijulikana kote Marekani kwa The Maltese Falcon, riwaya iliyotoka mwaka 1930.

Ili kuelewa kwa nini jenerali alihitaji gazeti, lazima kwanza kieleweke kisiwa chenyewe. Juni 1942 Wajapani walipiga mabomu Dutch Harbor, kisha wakateka visiwa vya Kiska na Attu. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo Wamarekani walitua Adak, ambako hakukuwa na mji wala uwanja wa ndege. Wahandisi walifunga mlango wa wangwa, wakayatoa maji, wakasawazisha mchanga na kutandika juu yake mabati ya chuma yenye matundu. Katikati ya Septemba ndege zilikuwa tayari zinaruka kutoka hapo kwenda kuipiga Kiska, kilomita zipatazo 400 upande wa magharibi. Attu ilikombolewa Mei 1943 baada ya mapigano ya kutisha. Kiska ilipovamiwa Agosti, askari hawakumkuta adui: Wajapani walikuwa wameshaondoka, wakifichwa na ukungu.

Basi vita vikahama, watu wakabaki. Makumi ya maelfu ya vijana waliishi kwenye mahema na mabanda ya bati, katika nchi isiyo na miti, yenye matope, mvua na pepo zinazoshuka ghafla milimani kwa nguvu ya kung'oa paa. Hapakuwa na mji wa kwenda kutembea siku ya mapumziko, na barua zilikawia. Katika hali hiyo askari huanza kujiuliza yuko pale kwa ajili ya nini, na swali hilo likikosa jibu, kambi huoza kutoka ndani.

Magazeti ya kambi yalikuwa mengi sana wakati huo. Jeshi lilikuwa na huduma maalumu iliyoyapelekea katuni na makala zilizokwisha kuandaliwa. Katuni moja, Male Call ya Milton Caniff, ilitokea katika magazeti zaidi ya 3,000 ya kijeshi. Mengi ya magazeti hayo yalijaa matangazo ya wakubwa, matokeo ya michezo na picha za wasichana. Ubora wa The Adakian ulitokana na uamuzi tofauti, nao ndio unaolipa haki ya kukumbukwa: lilimchukulia askari kuwa mtu mzima anayestahili kujua dunia inakwendaje. Habari za vita vya Ulaya na Pasifiki zilitangulia, pamoja na ramani zilizochorwa kwa mkono. Zikafuata habari za nyumbani Marekani, michezo, na mambo ya kisiwani.

Kazi ilifanyika usiku ili gazeti liwe tayari asubuhi. Habari zilinaswa redioni, zikapunguzwa, kisha zikapigwa chapa kwenye karatasi za stensili na kutolewa nakala kwa mashine ya kurudufu. Kwa kawaida lilikuwa na kurasa chache tu, nne hivi. Wachora katuni walikuwa na kazi ngumu kuliko wote, kwani mstari huchorwa kwa kuikwaruza stensili yenyewe, na ukishakwaruzwa vibaya hakuna kuufuta. Hata hivyo Bernard Anastasia, Oliver Pedigo na Don Miller walichora kila namna ya adha ya Adak: askari anayepeperushwa na upepo, matope ya magotini, hamu ya kuona mwanamke. Katuni zao zilikusanywa katika kijitabu kiitwacho Wind Blown and Dripping, mwaka 1945.

Jambo jingine lafaa kusemwa kwa sauti. Jeshi la Marekani lilikuwa bado linawatenga weusi na weupe. Amri ya Rais Truman ya kukomesha utengano huo ilikuja Julai 1948. Lakini katika chumba cha habari cha The Adakian, askari weusi na weupe walifanya kazi pamoja, meza moja. Miller, Mmarekani mweusi, baadaye ndiye aliyechora picha kubwa ya ukutani ya maisha ya Martin Luther King katika maktaba ya Washington yenye jina la kiongozi huyo. Mwenzao mwingine, Bernard Kalb, alikuwa kijana wa miaka ya ishirini. Alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa habari za kimataifa.

Hammett mwenyewe alikuwa amejiunga na jeshi kwa hiari mwaka 1942, akiwa na mapafu yaliyodhoofishwa na kifua kikuu tangu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sambamba na gazeti, yeye na Robert Colodny waliandika kijitabu The Battle of the Aleutians, kilichowaeleza askari historia ya mapambano ya visiwa hivyo. Aliondoka Adak mwaka 1945. Mwaka 1951 alifungwa jela kwa kukataa kuwataja waliochangia mfuko wa dhamana wa kutetea haki za kiraia, na alipofariki mwaka 1961 alizikwa Arlington, makaburi ya kitaifa ya askari.

Kwa mwanahistoria, gazeti hili lina mipaka yake. Lilipita chini ya macho ya makamanda, hivyo haifai kulitegemea kujua ndege ngapi ziliruka au meli gani zilitia nanga. Lakini kwa anayetaka kujua askari wa kawaida alicheka nini, alilalamikia nini na alielezwa nini kuhusu vita vyake, katuni na kurasa zile zinasema mengi ambayo ripoti za makao makuu hazikujishughulisha kuyaandika.