Nani Ashikaye Pishi? Historia ya Vipimo Tunavyouziana Kwavyo

Anayenunua kiwanja Chamazi au Bunju, katika eneo ambalo halijapimwa kitaalamu, aghalabu huuziwa kwa hatua. Muuzaji hutembea, mnunuzi huhesabu, kisha karatasi ya mauziano huandikwa "hatua ishirini kwa ishirini" mbele ya mashahidi, na mara nyingi muhuri hugongwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Hatua ya mtu mfupi yaweza kuwa sentimita 75. Ya mtu mrefu aliyeamua kujinyoosha yaweza kufika sentimita 90. Tofauti ya sentimita 15 huonekana ndogo mpaka tukumbuke kwamba eneo hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana: kiwanja cha kwanza kina mita za mraba 225, cha pili 324. Karibu mita za mraba 100, ambazo zingetosha kujenga nyumba ya familia, zimefichwa ndani ya neno moja la mkataba ambao pande zote mbili zimeutia saini kwa nia njema. Mabaraza ya ardhi yanaujua mgogoro wa aina hii vizuri.

Hatua ni mjukuu wa familia kongwe ya vipimo vilivyochukuliwa mwilini: shibiri, mkono au dhiraa, na pima. Nguo za biashara zilizopelekwa bara katika karne ya 19 zilihesabiwa kwa mikono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na doti moja ilikuwa mikono minane. Kanga bado zinauzwa kwa doti, ingawa sijaona mnunuzi wa siku hizi anayezipima kwa kiwiko. Nafaka zilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili vilifanya kisaga, vinne vilifanya pishi. Vitu vya thamani vilipimwa kwa mizani. Wakia ilikuwa uzito wa riale ya fedha ya Maria Theresa, takriban gramu 28. Wakia 16 zilifanya ratili. Na ratili 35 hivi zilifanya frasila, karibu kilo 16. Kwa frasila ziliuzwa pembe za ndovu na karafuu za Unguja, na kwa frasila ulikadiriwa mzigo wa mpagazi: mbili hivi, yaani kilo 32 kichwani au begani, kutoka Bagamoyo hadi Tabora.

Hapa pana tofauti ya kifizikia ambayo wafanyabiashara waliijua kabla ya walimu wa sayansi. Pishi hupima ujazo. Frasila hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Mahindi makavu na mahindi mabichi yanaweza kujaza pishi lile lile na yasilingane kwenye mizani. Pishi laweza kufutwa juu au kuachwa na kilima; nafaka yaweza kutikiswa ishuke au kumiminwa taratibu isimame. Aliyenunua kwa pishi na kuuza kwa frasila alipata faida mara mbili, na faida ya pili haikuandikwa popote. Lugha yetu ya kila siku husaidia kuficha jambo hili, kwa sababu neno "uzito" tunalitumia kwa tungamo na pia kwa kani ambayo dunia huvuta kitu kwayo. Mizani ya mabamba mawili hulinganisha tungamo na jiwe la kipimo. Mizani ya springi husoma mvuto tu, na springi iliyochoka husoma vingine.

Dola nazo zilileta vipimo vyao. Ujerumani ilikuwa miongoni mwa mataifa 17 yaliyotia saini Mkataba wa Mita mjini Paris tarehe 20 Mei 1875, hivyo utawala wake hapa ulikuja na mita na kilo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 walileta ratili yao, yadi, galoni na maili. Baada ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania ilirudi kwenye mita na kilo pamoja na majirani zake. Mzee aliyezaliwa Mbagala karibu na mwaka 1900 alibadilishiwa vipimo zaidi ya mara moja katika umri wake, na katika mara hizo zote hakuna iliyoanza kwa kumuuliza.

Wako waliouliza wenyewe. Katika Usukuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950, malalamiko makubwa ya wakulima wa pamba yalihusu mizani ya wanunuzi zaidi ya bei. Walianza kuweka watu wao waliojua kusoma mizani, na kutoka katika hatua hiyo ndogo ulikua ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, lililoundwa mwaka 1955, tunalieleza katika vitabu kama tukio la siasa, na ni kweli. Lakini mzizi wake ulikuwa namba iliyosomwa upande mmoja wa meza.

Ukifika Tandale kwenye nafaka, au Temeke Stereo kwenye mboga, utaikuta historia hii yote ikiwa hai. Debe lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni nne, yaani lita 18 hivi. Sado ni kopo la rangi. Lumbesa ni gunia lililovishwa kilemba kwa kushonewa wavu juu yake. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukiipigia kelele lumbesa kwa miaka mingi. Tunazoea kumhurumia mkulima peke yake katika suala hili. Penye ushuru unaotozwa kwa gunia, halmashauri nayo hupunjwa kwa kilemba hicho hicho, na mpakuzi anayelipwa kwa gunia hubeba ziada bila ujira.

Serikali yenyewe haikosi pishi lake. Mwezi Februari 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika bandarini Dar es Salaam na kuhoji kwa nini mita za kupima mafuta yanayoshushwa zilikuwa hazitumiki kwa miaka kadhaa, huku kiasi kikipatikana kwa kutumbukiza kijiti cha kupimia. Kijiti hutoa kina cha mafuta. Kina hugeuzwa kuwa ujazo kwa majedwali ya tangi, kisha lazima joto lizingatiwe, kwa maana dizeli hutanuka kwa takriban sehemu 8 katika kila 10,000 kwa nyuzijoto moja ya Selsiasi. Kwa meli yenye lita milioni 40, kukosea joto kwa nyuzi moja ni kukosea zaidi ya lita 30,000. Kodi ya mafuta hutozwa kwa lita.

Siku hizi tumepata neno jipya, "uniti", ambalo lina maana mbili katika nyumba moja. Uniti ya LUKU ni kilowati-saa, sawa na jouli 3,600,000: jiko la wati 1,000 huimaliza kwa saa moja, taa ya wati 10 kwa saa 100. Uniti ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au madumu 50 ya lita 20. Anayenunua maji ya mkokoteni huko Mbagala anaweza kuzidisha bei ya dumu moja kwa 50, kisha akaiweka kando ya bei ya uniti iliyoidhinishwa na EWURA.