Historia Ukutani: Sanaa ya Katanga na Utambulisho wa Taifa la Kongo

Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka huohuo reli iliyotoka kusini kupitia Sakania ikaufikia. Wachimbaji wa mwanzo wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye wakaletwa watu wa Kasai, wa Katanga yenyewe, wa Rwanda na wa Burundi. Walikutana kambini bila mila moja, bila mfalme mmoja na bila lugha moja ya mama. Jamii ya namna hiyo inaipa shida kauli iliyozoeleka kwamba fasihi na sanaa ni kioo cha utamaduni wa taifa. Kioo huonyesha kilichokwisha kuwepo. Katanga, utambulisho wa pamoja ulibidi utengenezwe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wachoraji, wapiga gitaa, waigizaji na waandishi ambao majina yao ni nadra kuonekana katika vitabu vya fasihi.

Hawakuanza patupu. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, ubao wa kumbukumbu uliopambwa kwa shanga na simbi. Mwanachama wa Mbudye, chama cha watunza historia ya ufalme, aliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akisimulia asili ya wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Ushanga uleule uliweza kubeba habari tofauti kulingana na msimulizi, hadhira na haja ya siku hiyo. Kwa hiyo katika mapokeo hayo picha haikukamilika bila maneno, na historia haikuwa orodha iliyofungwa. Mambo hayo mawili yalijitokeza tena mjini, ingawa kwa rangi za dukani.

Wakoloni nao walikuwa na wazo lao kuhusu sanaa inayowafaa Waafrika. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini Élisabethville, iliyojulikana kama Hangar. Aliwataka wanafunzi wake wachore yaliyomo ndani yao bila kuiga Ulaya. Pili Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga wakatokea hapo. Samaki na ndege wa Pili Pili, Bela aliyechora kwa ncha za vidole, na mistari myembamba ya Mwenze iliyojaza kila pembe ya karatasi ni kazi za ustadi usio na shaka. Lakini Afrika iliyomo katika picha hizo ni ya mito na majani: mgodi haumo, kambi haimo, polisi hayumo. Wanunuzi wengi wa picha hizo walikuwa Wazungu, nao walizipokea kama sauti halisi ya roho ya Kiafrika. Huo ni utambulisho ulioagizwa na mtu mwingine, na thamani ya kisanaa ya picha hizo haiondoi ukweli huo.

Sanaa ya wenyeji kwa ajili ya wenyeji ilikuja kwa njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaruhusu wafanyakazi waishi na wake zao na watoto. Nyumba za familia zikaleta sebule, na sebule ikahitaji kitu ukutani. Kufikia miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikuwa wakichora juu ya magunia ya unga na kuwauzia makarani, walimu na mafundi kwa bei ambayo mshahara uliweza kuimudu. Kulikuwa na picha za mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta mali na balaa, na picha za vijiji wakati jua linazama.

Picha yenye uzito zaidi iliitwa Colonie Belge. Mfungwa amelazwa kifudifudi, nguo imeshushwa, na askari mwenye tarabushi nyekundu ameinua kiboko. Mzungu mwenye kofia nyeupe anatazama, pengine na kiko mdomoni. Pembeni wafungwa wenye sare za mistari wanaendelea na kazi, wanawake wanalia, na juu ya jengo la serikali inapepea bendera ya bluu yenye nyota ya manjano. Wachoraji wengi waliirudia picha hiyo kwa tofauti ndogondogo, na wateja waliendelea kuinunua zaidi ya miaka kumi baada ya uhuru. Nguvu yake imo katika mkono ulioshika kiboko: ni mkono wa Mwafrika. Mgeni aliyekaribishwa sebuleni wakati wa utawala wa chama kimoja wa Rais Mobutu aliweza kuzungumzia Wabelgiji kwa sauti, huku kila aliyekuwepo akijua kwamba askari wa namna ile bado yuko kazini.

Mmoja wa wachoraji hao alikwenda mbali kuliko wenzake wote. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alijiona kuwa mwanahistoria hasa. Mwaka 1973 alikutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, akamweleza nia yake ya kuchora historia nzima ya nchi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alimletea picha zaidi ya 100, na kila picha aliisimulia kwa Kiswahili cha Katanga huku kinasa sauti kikizunguka. Zimo falme za kale na kuja kwa Wazungu. Wamo pia wagomaji wa Union Minière waliopigwa risasi mjini humo Desemba 1941, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito, waliouawa karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961, aliwachora wakiwa na misalaba mitatu nyuma yao, kama mlima wa Kalvari.

Picha hiyo yahitaji kutazamwa pamoja na siasa ya Katanga. Mwezi Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza jimbo hilo kuwa nchi, na bendera yake ikapambwa kwa misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika eneo hilo karne nyingi kabla ya wakoloni. Nchi hiyo ilianguka Januari 1963, nayo ndiyo iliyomuua Lumumba. Baadaye Mobutu akaleta sera ya uhalisi, na mwaka 1971 Kongo ikaitwa Zaire. Dola zote mbili zilichota kwenye mambo ya kale ili kujipa uhalali. Tshibumba, mtoto wa mji ambao Lumumba aliuawa jirani yake, alikataa kubaki na historia ya jimbo peke yake. Aliichukua Kongo nzima na kumweka Lumumba, shahidi wake, katikati. Hapo utambulisho wa taifa unatoka kwa mtu aliyeishi kwa kuuza picha mtaani, na una uzito kuliko ule wa bendera kwa sababu unakumbuka hata damu ambayo dola zilitaka isahauliwe.

Maandishi ya Kiswahili ya tabaka hilohilo ni machache, lakini yapo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Tahajia yake haifuati kamusi yoyote, na sentensi zake zinakwenda kwa pumzi ya msimulizi. Ni historia ya ukoloni iliyoonwa kutoka jikoni, na katika fasihi ya Kiswahili vitabu vinavyofanana nayo ni vichache sana. Kundi la maigizo la Mufwankolo nalo lilifanya kazi bila mswada. Mwaka 1986 lilianza na methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima, waigizaji wakaijadili na kubishana juu ya maana yake, na kutokana na mjadala huo ukazaliwa mchezo mzima juu ya mtawala na watu wake.

Muziki ulivuka mipaka mapema zaidi. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, na Edouard Masengo walisikika hadi Nairobi, na mtindo wao wa kudonoa nyuzi ukaigwa na wapiga gitaa wa Kenya. Mokambo, mji mdogo wa mpakani unaotazamana na Mufulira ya Zambia, unaonyesha sababu. Mpaka unaopita hapo ulitokana na mapatano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lakini Kibemba husikika pande zote mbili, na migodi ya pande zote mbili iliajiri watu wa ukoo mmoja. Anayetafuta utamaduni wa Kongo unaokoma kwenye kizuizi cha barabara cha Mokambo hataupata, wala hilo halimfanyi mkazi wa hapo kuwa Mkongomani pungufu.

Fasihi iliyochapishwa imefuata njia nyingine. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941, aliandika riwaya zake kwa Kifaransa. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1981, aliandika Tram 83, iliyotoka mwaka 2014, kwa Kifaransa pia, ingawa baa, reli na wachimbaji wa riwaya hiyo ni wa Katanga waziwazi. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, alibandika picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière, nyeusi na nyeupe, juu ya picha za rangi za viwanda vilivyochakaa, na hivyo akaendeleza kazi ya wachoraji wa sebuleni kwa kamera. Wasanii hao watatu wamejulikana duniani, na wanastahili. Ila msomi anayeishia kwenye vitabu vya Kifaransa ataiona Katanga ya wachache waliosoma sana, na ataikosa Katanga iliyojisimulia kwa Kiswahili.

Masimulizi ya Tshibumba, maandishi ya Yav na mazungumzo ya Mufwankolo yamekwisha kuchapishwa na Fabian pamoja na tafsiri za Kiingereza, na matini mengi ya Kiswahili cha Katanga yanapatikana bure kwenye intaneti. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi vingeweza kuyafundisha katika kozi za fasihi ya Kiswahili kuanzia muhula ujao, na kuyafundisha kama kazi za waandishi, si kama sampuli za lahaja.