Shax: Mchezo Usioruhusu Kumbana Mwenzako

Shax haihitaji ubao wa kununua. Katika nchi ya wafugaji wa Kisomali huko Ijara, kaunti ya Garissa, mchanga hutosha. Huchorwa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha katikati ya kila upande hupitishwa mstari wa kuiunganisha. Hapo hupatikana vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12: huyu kokoto, yule vijiti.

Ukoo wake ni wa zamani. Kitabu cha michezo alichoamuru kiandikwe Mfalme Alfonso wa Kumi wa Kastilia, kilichokamilika mwaka 1283, kinamwonyesha ndugu yake wa Ulaya mwenye kete tisa kila upande. Shax yenyewe ilielezwa na G. Marin mwaka 1931, katika makala juu ya michezo ya Wasomali.

Tofauti iko kwenye hesabu. Kete tisa kwa tisa huacha vituo sita vitupu. 12 kwa 12 huujaza ubao wote, na hakuna wa kusogea. Ndipo kila mmoja humtoa mwenzake kete moja, akianza aliyetangulia kupanga jare, yaani kete tatu kwenye mstari mmoja. Kuanzia hapo kila jare mpya hula kete ya mpinzani. Anayebakiwa na mbili ameshindwa.

Na aliyezibwa njia zote?

Michezo mingine imeyumba juu ya swali hilo. Katika sataranji ya kale ya Waarabu, aliyembana mfalme asipate pa kwenda alishinda. Uingereza, katika karne ya 17 na 18, mbanaji huyohuyo ndiye aliyeshindwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakaafikiana kuwa ni sare. Katika mchezo wa Ulaya wa kete tisa, aliyebanwa hushindwa. Shax haikubali lolote kati ya hayo: aliyembana mwenzake hulazimika kusogeza kete yake nyingine ili kumfungulia njia, mchezo uendelee.

Kwa hiyo wawili wanaolingana hawawezi kumalizana kwa kuzibana. Hubaki kuviziana, kete chache kwa chache, huku watazamaji wakigombana juu ya hatua inayofuata. Mwaka 1993 Ralph Gasser wa Zurich alithibitisha kwa kompyuta kwamba mchezo wa kete tisa huishia sare iwapo hakuna anayekosea. Hesabu zake zilikuwa za ubao wenye nafasi tupu na wa sheria inayomwadhibu aliyebanwa, si za shax.