Mechi Tisa Kabla ya Busan
Wengi humkumbuka Hong Myung-bo kwa penalti moja. Mimi huanzia kwenye mechi tisa: Kombe la Dunia la 1990, 1994 na 1998, sare tatu, vipigo sita, ushindi hakuna. Na huyu ni beki aliyezifunga Hispania na Ujerumani kule Marekani!

Juni 4, 2002, mjini Busan, Poland ikalala 2-0. Korea Kusini ilikuwa ikiusubiri ushindi huo wa kwanza tangu 1954.

Siku 18 baadaye, Gwangju, Hispania tena. 0-0, wakaenda matuta. Kipa Lee Woon-jae akapangua mkwaju wa Joaquín. Ikabaki zamu ya nahodha, mwenye miaka 33. Akafunga, akakimbia ametandaza mikono, anacheka.